Mgeni wa Siku ya Tatu

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko Kitale na Bungoma, jembe alilopewa kijana wa kigeni lilikuwa chaki.

Mwaka 1961 ulianzishwa mpango wa kuleta Afrika Mashariki walimu vijana kutoka Marekani na Uingereza. Wengi wao walipitia Makerere kujifunza ualimu, ndipo wakatawanywa mashuleni. Aliyepangiwa Kitale, akisafiri kwa gari la moshi, njia yake ilikuwa ya mzunguko: atoke Kampala, avuke mpaka, aipite Bungoma, afike Leseru karibu na Eldoret, kisha ashike reli iliyofika Kitale mwaka 1926. Kumbe kwenda kwingine ni kurudi!

Darasani nako kulikuwa na safari yake. Kiingereza chafundishwa mtoto ambaye nyumbani asema Kibukusu na sokoni Kiswahili. Mwalimu asiyejua hata kuitikia "Mulembe" atamfafanulia nini? Aliyefaulu ni yule aliyekubali kuwa mwanafunzi kwanza.

Lakini, ndugu msomaji, kuna hesabu moja nzito. Mkataba wa mgeni kwa kawaida ulikuwa miaka miwili. Masomo ya sekondari yalikuwa miaka minne. Mwalimu alipofunga mizigo, mtihani ulikuwa ungali mbele, na mtoto ndiye aliyebaki njiani.

Shukrani tuwape, ni haki yao. Ila jembe la mgeni halimalizi shamba. Mwalimu wa kudumu ni yule tuliyemsomesha wenyewe.