KUANDIKA WOSIA SI KUJIITIA KIFO

Kila nikitembelea vikundi vya Thika na Ruiru naulizwa shida ile ile: mzee amefariki, hati ya shamba bado ina jina lake, na watoto hawaelewani. Wengine hata hati hawana. Wana cheti cha hisa tu, cha kampuni ya kununua mashamba ambayo mzee alijiunga nayo zamani. Kikipotea, nani ataonyesha ploti iko wapi?

Wazee wengi huogopa wosia, ati ni kujiitia kifo. Lakini mzee huyo huyo hutoa pesa za kikundi cha mazishi kila mwezi!

Sheria ya urithi ya Kenya, Sura ya 160, ilianza kutumika mwaka wa 1981. Mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kuandika wosia hata kwenye karatasi ya daftari. Atie sahihi au alama yake mbele ya mashahidi wawili, nao watie sahihi mbele yake. Hapa ndipo watu huharibu: humwita mke au mtoto awe shahidi. Anayepewa kitu asiwe shahidi, wala mume au mke wake, maana anaweza kukosa fungu lake. Mwite jirani. Wosia wa mdomo pia hukubalika mbele ya mashahidi wawili, lakini mzee akiishi zaidi ya miezi 3 baada ya kusema, basi maneno hayo hayana nguvu.

Na asipoacha wosia? Ikiwa alikuwa na mke mmoja, mjane hupata vyombo vya nyumba na haki ya kutumia mali iliyobaki maisha yake, ila hawezi kuuza shamba bila idhini ya korti. Baadaye watoto hugawana sawa, wavulana kwa wasichana, hata binti aliyeolewa. (Nikifika hapo wanaume huanza kunong'onezana.)

Mama, usikubali shemeji auze ng'ombe wa marehemu kabla korti haijatoa barua ya usimamizi wa mali. Hilo ni kosa: faini hadi shilingi 10,000, au kifungo hadi mwaka 1, au vyote viwili. Anza kwa chifu. Yeye hagawi shamba. Kazi yake ni kuandika barua yenye majina ya warithi wote, ambayo utaipeleka kortini Thika au Ruiru pamoja na cheti cha kifo. Isome barua hiyo kabla hujatoka ofisini, uone kama mabinti wameandikwa.