Mto Hausomi Risiti

Ada za vibali vya mazingira na majitaka mkoani Songwe: Sehemu ya Pili

Wiki iliyopita tuliitazama karatasi ya kwanza anayokutana nayo mwenye mradi, yaani cheti cha Tathmini ya Athari kwa Mazingira. Makala ilipotoka, kijana mmoja anayeosha malori Mpemba, kabla hujaingia Tunduma mjini, alinisimamisha kando ya barabara. Risiti yake alikuwa ameikunja ndani ya kava la simu, mahali ambapo wenzake huweka picha ya mchumba.

"Shikamoo mzee. Uliandika watu walipe, nami nimelipa. Sasa naambiwa kuna kibali kingine cha maji machafu, nacho kina pesa yake. Serikali ni moja au ni mbili?"

"Marahaba, mwanangu. Serikali ni moja. Maswali ndiyo mawili."

Hakuridhika, wala sikumlaumu. Jibu la barabarani, mbele ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia, haliwezi kutosha. Leo nimjibu kwa kituo.

Maswali mawili, ofisi mbili

Swali la kwanza ni hili: mradi huu ukae hapa au usikae, na ukikaa, ukae kwa masharti gani? Swali hilo limo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Msimamizi wake ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, ambalo mtu wa Songwe hulifuata kwenye ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya. Kanuni zake huigawa miradi kwa uzito. Ipo ambayo lazima ifanyiwe tathmini kamili, ipo ya katikati, na ipo midogo ambayo maelezo mafupi yanaitosha. Ada nayo hufuata ngazi hizo.

Swali la pili ni la mto: je, maji haya yanaweza kupokea uchafu huu bila kufa? Hilo ni la Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Namba 11 ya 2009, na mamlaka yake ni bodi za maji za mabonde. Nchi yetu ina mabonde tisa, na mipaka yake haifuati mipaka ya wilaya. Inafuata maji yanakoteremkia.

Hapo ndipo Songwe inapochanganya hata wenyeji. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, unagawanywa na mabonde mawili. Maji ya Momba na ya upande wa kaskazini huteremka Ziwa Rukwa. Maji ya Ileje kusini huteremka Ziwa Nyasa. Tena tuna mito miwili inayoitwa Songwe: mmoja unakwenda Rukwa, mwingine ni mpaka wetu na Malawi na unaishia Nyasa. Ukisema "natiririsha Songwe", ofisa makini atakuuliza, "Songwe ipi?" Ya kwanza ni ya Bodi ya Bonde la Ziwa Rukwa, yenye ofisi Mbeya. Ya pili ni ya Bodi ya Bonde la Ziwa Nyasa, iliyoko Tukuyu.

Tofauti hiyo si ya makaratasi tu. Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Maji yanayoingia humo hutoka kwa njia ya mvuke, na kilichokuja nayo hubaki chini. Huo mto wa mpakani nao, Tanzania na Malawi zimeuundia Kamisheni ya pamoja, kwa kuwa uchafu wa ng'ambo moja hauombi pasi kwenda ng'ambo ya pili.

Ndani ya kibali mna nini

Wengi hudhani kibali cha kutiririsha majitaka ni ruhusa ya kumwaga. Kisome hadi mwisho. Humo mna mahali maji yatakapotokea, kiasi chake kwa siku, ubora yanaopaswa kuwa nao, na wajibu wa kuyapima na kupeleka majibu. Kwa hiyo ni ahadi yenye namba, na anayeiweka ni wewe.

Namba hizo zimo katika viwango vya Tanzania vya majitaka. Uchachu, yaani pH, uwe kati ya 6.5 na 8.5. Chembe zinazoelea zisizidi miligramu 100 kwa lita. Kipimo kiitwacho BOD, yaani oksijeni ambayo vijidudu huitumia wanapokula uchafu kwa siku tano, kisizidi miligramu 30 kwa lita. Samaki huvuta oksijeni hiyo hiyo ya majini, kwa hiyo vijidudu wakila sana, samaki hukosa pumzi.

Ada, tozo na faini

Haya ni majina matatu ambayo mitaani huitwa "pesa ya mazingira", na kuyachanganya ndiko kunakozaa ugomvi.

Ada hulipia kazi: kupokea ombi, kulisoma, kwenda kuona eneo, kuandika kibali. Unailipa hata kama hujamwaga tone. Tozo ya mwaka hulipia ufuatiliaji, kwa kuwa mradi hauangaliwi siku moja ukaachwa. Faini ni adhabu, nayo haina bei iliyopangwa ili mtu aamue kama inamfaa. Mei 2019, mgodi wa North Mara kule Tarime ulipigwa faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliotokana na bwawa lake la mabaki. 

Mzizi wa yote ni kanuni iliyotangazwa na nchi za viwanda mwaka 1972, ikaingia katika Azimio la Rio la 1992, kisha katika sheria yetu ya 2004: mchafuzi alipe. Ni maneno mawili, lakini yanageuzwa upesi. Mwenye pesa huyasoma kinyumenyume yakawa "mlipaji achafue". Tukiridhika na risiti, tumekubali usomaji huo.

Hesabu ya kahawa

Twende Mbozi, kwa sababu pale hesabu inaonekana kwa macho. Mbozi ni kahawa, na kahawa nzuri huoshwa. Kwenye mitambo ya kuchakata, ile ambayo wakulima wa AMCOS, yaani vyama vya ushirika, huiita CPU, tunda huja jekundu, likamenywa ganda, kisha punje zikavundikwa ili ule ute wa sukari uachie. Maji yanayotoka hapo hayana sumu ya kiwandani. Yana sukari, na sukari ikichacha hugeuka asidi na kunyonya oksijeni kuliko majitaka ya chooni.

Tuchukue mtambo mmoja wa mfano unaotoa mita 20 za ujazo kwa siku, yaani lita 20,000. Maji ya kumenyea kahawa yanaweza kufika miligramu 5,000 za BOD kwa lita, na hata kuzidi. Zidisha: unapata kilo 100 kwa siku. Uchafu wa mtu mmoja hukadiriwa kuwa gramu 50 hivi kwa siku, kwa hiyo mtambo huo unaupa mto mzigo wa watu 2,000. Sasa jirani yake mwenye maji kiasi kile kile ameyapitisha kwenye mashimo ya kutuliza na mabwawa, yakafika miligramu 30. Huyo anatoa gramu 600, mzigo wa watu 12.

Hapa ndipo penye hoja yangu yote. Ada ikipangwa kwa thamani ya mradi, wawili hawa wanalipa sawa. Ikipangwa kwa wingi wa maji, wanalipa sawa pia. Ikipangwa kwa mzigo wa uchafu ndipo watatofautiana, na ndipo aliyechimba bwawa ataona shilingi yake imerudi.

Isitoshe, kahawa ya Mbozi huiva kiangazi. Maji machafu humwagwa katika miezi ambayo mto umekonda na hauna nguvu ya kuyachanganya. Kibali kinachotaja kiasi kimoja kwa mwaka mzima hakijauona mto wa Agosti.

Uholanzi ililiona hili mapema. Sheria yake ya maji ya 1970 ilihesabu uchafu wa kiwanda kwa kuulinganisha na uchafu wa mtu mmoja, kama tulivyofanya hapa, kisha ikatoza kwa kila kipimo. Viwanda vingi vikagundua kwamba kusafisha ni nafuu kuliko kulipa. Ujerumani Magharibi ilitunga sheria yake mwaka 1976 ikaanza kutoza 1981, na aliyetimiza viwango akapunguziwa. Pesa ndiyo iliyowafundisha, kwa kuwa iliufuata uchafu na si karatasi.

Mahali ambapo bei haifai

Lakini tusiigeuze dawa moja kuwa ya magonjwa yote. Ukivuka kwenda Wilaya ya Songwe, kwenye dhahabu ya Saza na Mkwajuni, utakuta makarasha yanasaga mawe, zebaki inakamata dhahabu, na mabaki, ambayo wachimbaji huyaita marudio, yanalowekwa kwa sianidi. Sukari ya kahawa mto huisaga ukipewa nafasi. Zebaki haisagiki. Huzama kwenye tope, ikapanda kwa samaki mdogo, kisha kwa mkubwa, kisha mezani. Na tumeshaona kwamba Rukwa haina mlango wa kutokea.

Kwa vitu hivyo hatutafuti ada iliyo sahihi, maana haipo. Kinachotakiwa ni bwawa lisilovuja na katazo lenye meno, na ada ilipie safari ya mkaguzi kwenda kulitazama.

Mdogo na mkubwa

Nirudi kwa kijana wangu. Kwake yeye, ada ya serikali mara nyingi ndiyo sehemu ndogo ya gharama. Juu yake kuna mtaalamu wa mazingira wa kuandika taarifa, kupima maji maabara, nauli ya kilomita 100 hivi hadi Mbeya, na siku ambazo pampu imezimwa. Mgodi mkubwa huajiri mtu wa kazi hiyo. Muosha malori hujiajiri mwenyewe, na siku akienda Mbeya hakuna anayeosha.

Serikali yenyewe imekiri tatizo. Mpango wa 2018 wa kuboresha mazingira ya biashara uliorodhesha tozo na leseni zinazorundikana juu ya mtu mmoja, na tangu hapo kanuni za ada za mazingira zimebadilishwa zaidi ya mara moja, likiwamo badiliko la 2021. Ndiyo maana nawaasa wasomaji: msilipe kwa jedwali la mwaka juzi mliloonyeshwa na rafiki. Ulizeni jedwali linalotumika sasa, na malipo yapite kwenye namba ya kumbukumbu ya serikali, kamwe yasipite kwenye simu ya mtu.

Kufuta kabisa nako si tiba. Kenya iliondoa ada ya tathmini mwaka 2017, na miaka michache baadaye ikairejesha, kwa kuwa mkaguzi asiye na mafuta ya gari hakagui. Mimi ningependa wadogo waungane. Waosha malori kumi wanaomwaga bonde moja wachimbe karo moja la kutenganisha mafuta, waombe kibali kimoja, wapime maji yao kwenye tundu moja. AMCOS zenye mitambo ya jirani zinaweza kufanya vivyo hivyo. Ofisi ingepunguza makaratasi, na mto ungepunguziwa matundu.

Mji wa Tunduma unalihitaji hilo kuliko mingi. Una watu zaidi ya laki mbili, nyumba zake nyingi zinategemea vyoo vya shimo na makaro, na kila siku unapokea malori yasiyolala kwao. Kila lori linaacha kitu: tope, oili, maji ya sabuni.

Mtaro

Siku ile, baada ya salamu na malalamiko, nilimwomba kijana anionyeshe maji yake yanakokwenda. Tukafuata mtaro. Ulipita nyuma ya vibanda, ukakatiza njia ya miguu, ukateremka hadi kwenye bustani ya chainizi iliyoko bondeni. Juu ya maji kulikuwa na utando wa mafuta wenye rangi za upinde wa mvua, unazunguka pale mama mmoja alipokuwa akichota kwa ndoo kumwagilia.

Kijana akanyamaza. Akaitoa risiti kwenye kava, akaitazama, akairudisha.

"Mzee, hii inasema nimelipa."

"Kweli inasema. Muulize yule mama kama maji yake yameambiwa."

Hakunijibu. Aliniuliza kitu cha maana zaidi: karo la kutenganisha mafuta huchimbwa futi ngapi, na tofali zake zinagharimu kiasi gani. Nilimwambia aanze kwa kuongea na wenzake wa mtaro ule ule, kabla hawajatafuta fundi.

Wiki ijayo tutaifuata shilingi yenyewe. Ikishatoka mkononi mwa muosha malori inakwenda mfuko gani, Mfuko wa Taifa wa Mazingira ulikusudiwa kufanya nini, na je, kuna njia ya kuirudisha Tunduma ilikotoka?