Mbuzi Hana Hati ya Mshahara

Barua ya chuo kikuu hufika Waberi wakati mbaya. Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hutangazwa Januari, jilaal ikianza kukausha visima. Wanafunzi huripoti vyuoni Agosti na Septemba, katikati ya hagaa, vumbi likitimka na mbuzi wakihesabika mbavu. Katika misimu minne ya wafugaji wa Kisomali, yaani jilaal, gu, hagaa na deyr, elimu huja kudai chake katika ile miwili ya kiangazi. Hakuna aliyekusudia hivyo. Kalenda ya wizara haikutungwa kwa kutazama malisho. Lakini mzazi anayeswaga mbuzi kwenda sokoni wakati huo huwakuta wenzake nao wameswaga wao, na mnunuzi aliyetoka Kiamaiko, Nairobi, anajua fika kilichowaleta.

Waberi ni mojawapo ya wadi nne za eneo bunge la Garissa Township, kaskazini mashariki mwa Kenya. Nyingine ni Galbet, Iftin na Township yenyewe. Kwa Kisomali waaberi ni alfajiri na iftin ni nuru, ila soko maarufu la mji linaitwa Mugdi, yaani giza. Msomaji atajitungia mzaha wake.

Anayetaka kuijua biashara ya elimu ya juu mjini hapa asianzie chuoni. Aanzie soko la mifugo, mojawapo ya makubwa zaidi Afrika Mashariki, ambako ng'ombe huletwa hadi kutoka ng'ambo ya mpaka kupitia Liboi. Hapo ndipo karo inapozaliwa. Madalali wa jadi hupatana bei kwa vidole, mkono ndani ya mkono chini ya kitambaa, ili aliyesimama kando asijue mnyama amekwenda kwa kiasi gani. Pesa zikishapatikana, huvuka barabara hadi kwenye saiba, lile duka lenye kompyuta chache, printa na feni. Huko ndiko kuna dalali wa pili, naye hajijui kuwa ni dalali.

Kijana wa saiba ndiye anayeingia kwenye mfumo wa KUCCPS, shirika lililoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 kuwagawia wanafunzi nafasi vyuoni. Ada ya maombi ni shilingi 1,500. Malipo yake mwenyewe ni ya kupatana. Mzazi huketi nyuma yake kwenye benchi, pengine hajasoma Kiingereza, akimsikia akimuuliza mwanawe maswali kwa kasi. Foleni ni ndefu, na hatima ya miaka minne huamuliwa katika muda wa kunywa kikombe cha chai. Nimewahi kusikia watu wakilalamika kwamba wazazi wa huku hawajali masomo. Mimi naona mtu anayeuza mtamba wake ili mtoto asome hawezi kutuhumiwa kwa kutojali. Kinachomponza ni kwamba fomu imeandikwa kwa ajili ya familia nyingine.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Hadi kufikia kundi lililojiunga 2022, mwanafunzi aliyedhaminiwa na serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, awe mtoto wa mbunge au wa mfugaji. Mei 2023 Rais William Ruto alitangaza utaratibu mpya: kila familia ipimwe uwezo, kisha mzigo wa kozi ugawanywe kati ya ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na mfuko wa mzazi. Kufikia 2024 makundi yalikuwa matano. Kundi la kwanza ni la familia isiyozidi shilingi 5,995 kwa mwezi: serikali hulipa asilimia 70, mkopo 25, mzazi 5. La pili linaishia 23,670, na mzazi hubeba asilimia 10. La tatu linaishia 70,000, mzazi 20. La nne linaishia 120,000, mzazi 30. Aliye juu ya hapo hubeba 40.

Tuyageuze hayo yawe mbuzi. Tuchukue kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka na mbuzi wa shilingi 8,000, tarakimu za kufanyia hesabu tu. Mzazi wa kundi la kwanza anadaiwa 10,000, mbuzi mmoja na robo. Wa kundi la tatu anadaiwa 40,000, mbuzi watano. Wa tano, mbuzi kumi. Kila mwaka, kwa mtoto mmoja, na bado hajala wala kulipa kodi ya chumba.

Sasa, kwenye fomu ya ufadhili, mfugaji mwenye mbuzi sitini anaulizwa: kipato chako kwa mwezi ni kiasi gani? Kijana wa saiba akizidisha sitini kwa 8,000 na kugawanya kwa miezi kumi na miwili, anapata 40,000. Mzee amekuwa wa kundi la tatu. Akiuliza swali lililo sahihi zaidi, mnauza wangapi kwa mwaka, na akajibiwa sita, basi ni 4,000 kwa mwezi, kundi la kwanza. Zizi lile lile, mzee yule yule. Kipato si kipengele pekee kinachopimwa. Fomu huuliza pia idadi ya ndugu wanaosoma, shule alizopitia mwanafunzi na mengineyo. Hata hivyo tofauti ya karibu mbuzi wanne kila mwaka inaweza kutokana na namna swali moja lilivyotafsiriwa kwenye benchi la saiba.

Mhasibu atasema sitini ni mtaji na sita ni mapato, na ndiyo kweli. Ila mtaji huu hufa. Misimu mitano mfululizo ya mvua ilipokosa kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, mifugo takriban milioni 2.5 iliangamia nchini Kenya, wengi wao katika kaunti za kaskazini. Aliyekuwa na mtoto mwaka wa pili chuoni aliuanza ukame akiwa tajiri, akaumaliza akiwa hana kitu. Ukame kama huo ukirudi leo, jina la mzazi halihami kutoka kundi alilopangiwa mwanzo mpaka ajue kwamba anaweza kukata rufaa. Bima ya mifugo ipo: kampuni ya Takaful Insurance of Africa ilianzisha Wajir, mwaka 2013, bima inayofuata sharia na kulipa kwa kupima ukijani wa malisho kutoka satelaiti. Ni wazo zuri kuliko mengi yaliyoletwa huku. Lakini hulipa ili mnyama asife, si ili mtoto aendelee darasani, na familia inayopata malipo hayo hununua kwanza lishe na maji.

Utaratibu wenyewe nao umekuwa ukiyumba. Desemba 20, 2024 Mahakama Kuu, chini ya Jaji Chacha Mwita, iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba, ikisema unabagua na kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikaisimamisha hukumu hiyo, na serikali ikatangaza kupunguza karo za kozi. Mzazi wa Waberi aliyeuza mbuzi kwa bei ya hofu hakurudishiwa tofauti. Na kundi la mwanafunzi bado hupangwa kama bei ya ngamia inavyopangwa, chini ya kitambaa: unaambiwa matokeo, vidole huvioni.

Kuna familia ambazo hata zikipata kundi la kwanza hazimalizi hesabu. Mkopo wa HELB, taasisi iliyoanzishwa 1995, hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Kwa wachumi hiyo ni bei ya sadaka. Kwa mzee anayeswali tano, riba ni riba, iwe nne au arobaini. Anayekataa mkopo katika kundi la kwanza amejitwika ile asilimia 25 juu ya 5 yake. Katika kozi yetu ya mfano ni shilingi 60,000, mbali na pesa za matumizi ambazo nazo ni za mkopo wa HELB, 60,000 kwa mwaka kwa kundi hilo. Wapo wanaouchukua kwa hoja ya dharura, wapo wanaokwenda kumuuliza sheikh kwanza, na wapo vijana wanaojaza fomu wenyewe bila kumwambia baba. Benki zinazofuata sharia zilifungua milango Kenya mwaka 2008, Gulf African na ile iliyokuwa ikiitwa First Community, lakini zinataka kuona mshahara au hati ya ardhi. Tumerudi pale pale pa mbuzi asiye na hati.

Pengo hilo hujazwa na qaaraan, mchango wa ukoo. Abti, yaani mjomba, aliye Eastleigh hutuma kwa M-Pesa, shangazi aliye Minneapolis hutuma kwa hawala, wazee hupitisha orodha, na mama muuza maziwa hutoa cha siku moja. Hakuna fomu ya kipato wala hakuna riba. Kinachorudishwa ni zamu yako ya kutoa itakapofika. Kwa ukubwa wa pesa zinazopita, huu huenda ndio mfuko mkuu wa elimu mjini, na hauna ofisi. Una udhaifu wake: mtoto wa ukoo mdogo hupata kidogo, na wa kike mara nyingine husubiri kaka yake amalize. Pia unaweza kukatwa kwa kalamu. Aprili 2, 2015 magaidi wa al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Siku chache baadaye serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma pesa, Dahabshiil ikiwemo, na hazikuruhusiwa tena hadi Juni. Muhula ule, karo za watoto waliokuwa vyuo vingine kabisa zilikwama njiani.

Chuo chenyewe kilifunguliwa tena Januari 2016 na kikapata hati ya kujitegemea 2017. Wanafunzi waliosalimika walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na wengi hawakurudi. Kibiashara kilichobaki ni chuo kikuu cha umma ambacho binti wa Waberi anaweza kukisoma akirudi nyumbani kula na kulala. Ukiondoa chumba, chakula na nauli ya kilomita zaidi ya 360 hadi Nairobi, mzazi ameokoa zaidi ya tofauti ya kundi moja hadi jingine. Kwa wasichana hiyo ndiyo sababu inayotajwa hadharani. Ile ya pili, ya kutomtoa binti mbali na macho, husemwa kwa sauti ya chini. Naona ni hesabu halali, mradi kozi iwe ile aliyoitaka na si ile tu iliyoko karibu. Wasiofika C+ ya kuingilia shahada wana North Eastern National Polytechnic na Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, KMTC, humu humu mjini. Wazazi bado huona stashahada ya ufundi kama hasara ya jina, ilhali ukitaka fundi wa friji ya duka la nyama, utamngoja wiki nzima.

Kabla ya yote hayo kuna kitambulisho. Mwanafunzi asiye nacho atapata taabu kwenye mkopo na atashushwa basi kwenye kizuizi cha darajani, Mto Tana. Kwa miongo mingi vijana wa kaskazini mashariki walipitishwa kwenye kamati za kuwachunguza zaidi ya Wakenya wengine. Rais alitia saini tamko la kuziondoa Februari 2025. Lakini limebaki jeraha jingine: maelfu ya Wakenya walioandikishwa utotoni kama wakimbizi huko Dadaab, familia zao zikitafuta mgao wa chakula wakati wa ukame. Alama zao za vidole zimo katika daftari la wakimbizi, na daftari la raia limekuwa likiwakataa. Mzazi alipata unga wa mwezi mmoja; mtoto akapoteza HELB.

Kwa anayetazama nje ya mipaka, kuna mawakala wa vyuo. Kampala na Mbale, ambako Chuo Kikuu cha Kiislamu kipo tangu 1988, ni njia iliyozoeleka. Ufadhili wa serikali ya Uturuki na nafasi za chuo kikuu cha Madina huwaniwa sana, na maombi ya Uturuki hayalipiwi, jambo ambalo wakala hana haraka ya kulitaja. Khartoum ilikuwa chaguo la wengi waliotaka udaktari kwa bei nafuu katika mazingira ya Kiislamu, mpaka vita vilivyoanza Aprili 15, 2023 vilipowarudisha wanafunzi wakiwa na begi moja na bila hati za masomo. Swali la kumuuliza wakala ni dogo: baraza la taaluma hiyo hapa Kenya litakitambua cheti? Akijibu kwa kusifia mabweni, mzazi amejibiwa.

Na sehemu kubwa ya uamuzi hufanywa kabla saiba haijaonekana, pale mtoto anapochagua masomo. Wengi huchukua elimu ya dini ya Kiislamu kwa sababu wanaimudu na inainua wastani, nao hawakosei. Ila wastani haufungui mlango wa uhandisi bila fizikia. Na fizikia inataka mwalimu. Baada ya shambulio la Kamuthe, Garissa, Januari 2020, lililoua walimu watatu, tume ya walimu iliwahamisha wengi wasio wenyeji, na kuna shule zilizobaki na mbao tupu. Tangu KCSE ya 2023 wastani hukokotolewa kwa hisabati, lugha moja na masomo mengine matano bora, kwa hiyo aliyelemewa na Kiswahili anaweza kujiokoa kwa Kiingereza. Hisabati haina mbadala.

KCSE yenyewe inaaga. Mtihani wa mwisho ni 2027, na wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia sekondari ya juu Januari 2026 wakiwa wamekwisha kuchagua mkondo, sayansi, jamii au sanaa na michezo, wakiwa na miaka kumi na mitano hivi. Kuna nyumba zina mmoja wa kila mfumo, na mzazi anajifunza fomu mbili kwa pamoja.

Wazazi waliopitia haya mara ya kwanza wakaumia sasa huuza mbuzi mapema. Bei nzuri ya mbuzi ni kabla ya Idi ya kuchinja, hasa Idi ikifuata mvua za gu wanyama wakiwa wamenona. Mwaka 2025 iliangukia mwanzoni mwa Juni, mwaka 2026 mwishoni mwa Mei, na kila mwaka inarudi nyuma siku kumi na moja hivi, ikizidi kuachana na Septemba. Kwa hiyo pesa ya karo inapaswa kukaa nyumbani miezi mitatu bila kuguswa, na kila jamaa mwenye mgonjwa anajua mbuzi waliuzwa lini na kwa kiasi gani.