Nywele Nyekundu Hazitatoweka

Kwa kazi yangu ya ukunga hapa Edinburgh, nawapokea watoto wenye nywele nyekundu ambao wazazi wao wote wawili wana nywele nyeusi. Baba mmoja alimtazama mkewe kwa jicho la shaka. Iliniuma, maana mama wa watu hakuwa na kosa.

Chanzo cha nywele nyekundu ni jeni iitwayo MC1R, katika kromosomu ya 16. Uhusiano wake na nywele hizi ulibainishwa mwaka 1995. Huielekeza seli itengeneze rangi nyeusi, na ikiwa dhaifu, rangi nyekundu ndiyo hutawala. Kwa kawaida mtoto hurithi nakala mbili dhaifu, moja kwa kila mzazi. Nakala moja hujificha, hata vizazi kadhaa. Wazazi wawili wanaoibeba bila kujua wana uwezekano wa asilimia 25, kwa kila mimba, wa kupata mtoto mwenye nywele nyekundu.

Ndiyo maana siukubali uvumi kwamba watu wenye nywele nyekundu watatoweka. Ni asilimia 1 hadi 2 tu ya watu duniani, lakini wabebaji ni wengi zaidi. Watu wakizidi kuoana mbali, vichwa vyekundu huenda vikapungua. Jeni itaendelea kurithiwa.

Mimi nahofia zaidi ngozi yao, inayoungua upesi na kushambuliwa na saratani. Wazazi nawasisitizia kofia na kivuli, hata huku kwenye jua hafifu.