Mabomba, Gundi na Pamba

Ajuaye kuendesha kigari cha kuchezea kwa rimoti hudhani kwamba chombo cha kuzamia nacho huendeshwa vivyo hivyo. Walakini maji, na hasa yale ya chumvi, huyameza mawimbi ya redio upesi mno, na kwa sababu hiyo roboti ya majini aghalabu hufungwa waya mrefu, mithili ya mbuzi malishoni, ambamo amri hushuka na picha za kamera hupanda.

Waya huo uliwashughulisha sana wanafunzi wanne wa shule ya sekondari ya Carl Hayden, mjini Phoenix, Arizona, vijana waliotoka Mexico, wengi wao wakiishi Marekani bila hati, ambao mwaka 2004, ingawa mji wao uko jangwani, waliazimu kuingia katika mashindano ya roboti za majini yaliyofanyika katika Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Umeme wa volti chache ukipitishwa masafa marefu hupotea njiani kwa kugeuka joto, ila waya uwe mnene. Na waya mnene ni mzigo, huikokota roboti nyuma kila ikitaka kugeuka. Basi wakaipakia betri ndani ya roboti yenyewe, katika sanduku lisilopitisha maji, nao wakijua fika kwamba tone moja likipenya humo kazi yote imekwisha.

Betri ni nzito, na povu gumu la kueleshea vyombo vya kina kirefu ni ghali. Tadbiri yao ilikuwa kuunda kiunzi kwa mabomba ya plastiki ya mafundi bomba, yaliyozibwa ncha zote, ili hewa iliyomo iinue kadiri ile ile betri inavyodidimiza, chombo kisizame wala kisielee. Gundi ya kuungia mabomba hayo ilinuka vibaya hata roboti ikaitwa Stinky, yaani inayonuka. Gharama zake zilikuwa takriban dola 800, hali timu ya chuo mashuhuri cha MIT ilikuwa na zaidi ya dola 10,000, sehemu yake ikitoka kwa kampuni ya mafuta.

Huko Santa Barbara, katika majaribio, sanduku likavuja. Kuunda jingine hapakuwa na wasaa, na nyaya nazo zilihitaji kulehemiwa upya, kazi iliyowakesha. Mmoja wao akaenda dukani, uso umemwiva kwa haya, kununua visodo, zile pamba za wanawake wakati wa hedhi, kwa kuwa hunywa maji haraka na kuyashika. Fundi wa kalafati, ambaye maisha yake yote hushindilia pamba katika nyufa za jahazi ili maji yasiingie, angecheka kuona pamba ikiwekwa ndani kuyangoja. Lakini iliyangoja, na umeme ukasalimika.

Kazi ya mashindano yenyewe ilikuwa kukagua mfano wa nyambizi iliyozama bwawani, kupima, na kufyonza kiowevu kutoka katika pipa, ambacho Stinky ilikipokea ndani ya puto. Kwa kazi za majini peke yake MIT waliwazidi. Kilichobadili mizani ni ripoti ya maandishi na mahojiano mbele ya wahandisi, ambako vijana walitakiwa kueleza kila bomba na kila waya una sababu gani. Jumla ilipotangazwa, Carl Hayden walikuwa wa kwanza na MIT wa pili; nao vijana wa jangwani walikwenda wakitaraji tu wasiwe wa mwisho.