Je, Wajua? Ini Linavyoashiria Hatari ya Moyo
Protini iitwayo CRP, iliyogunduliwa mwaka 1930 katika damu ya wagonjwa wa nimonia, hutengenezwa na ini wakati wa mchochota, yaani kinga ya mwili inapoamka kupambana na jeraha au vijidudu. Kwa wengi wenye kisukari cha aina ya 2, mafuta yaliyojikusanya tumboni hutoa kemikali zinazolichochea ini kuitengeneza hata pasipo maambukizi, na mchochota huo wa chinichini, usio na homa wala maumivu, huchangia kuharibu kuta za mishipa inayolisha moyo. Kipimo kikizidi miligramu 3 kwa lita, hatari huhesabiwa kuwa kubwa. Kikizidi 10, na hili lisisahauliwe, maambukizi hushukiwa kwanza, kisha kipimo hurudiwa mgonjwa akishapona.