Krambo: Matunda Chini, Chenga Juu

Krambo ni kitamutamu cha kuoka chenye tabaka mbili tu. Chini huwekwa matunda yaliyokatwa vipande, na juu yake hunyunyizwa chenga za unga, siagi na sukari zilizofikichwa kwa vidole bila kukandwa. Jina limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kumomonyoka, na kifuniko chake hakina budi kufanya hivyo hivyo: kijiko kikigusa, kimomonyoke, kisikatike kama mkate wala kisivutike kama chapati. Wengi huongeza oti kwenye chenga hizo ili ziwe kavu zaidi na zilie mdomoni.

Ni chakula cha Uingereza, lakini umri wake si mkubwa kama unavyodhaniwa. Pai ya matunda imeokwa huko kwa karne nyingi; krambo ilienea wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Januari 1940 serikali ilianza kugawa vyakula kwa kadi, siagi na sukari zikiwa miongoni mwa vya kwanza. Kuna nyakati mtu mzima alipata gramu 57 hivi za siagi kwa wiki nzima, na mgawo haukukoma kabisa hadi Julai 1954. Pai hutaka ganda linaloshikana na kusukumika, mara nyingi chini na juu, na ganda hilo hula mafuta mengi. Chenga zinaridhika na mafuta kidogo, hazihitaji mkono wa fundi, na mpishi akipungukiwa unga au sukari anaweza kupunja bila kuharibu kitu. Tena maepo na plamu za uani hazikuwa kwenye kadi. Vita vilipokwisha na siagi ikarudi madukani, krambo haikuondoka mezani, na hadi leo ni chakula kinachowakumbusha Waingereza wengi meza ya shule na Jumapili za nyumbani.

Marekani ina ndugu yake aitwaye krispi. Kitabu cha mapishi kilichochapwa huko mwaka 1924 kina krispi ya maepo. Wajerumani nao hunyunyiza chenga za aina hii juu ya keki. Zamani ilisemwa kwamba krispi ina oti na krambo haina. Mpaka huo sasa umefutika, na kubishania jina ni kupoteza muda ilhali chakula kinapoa.

Kinachoamua kama krambo itafanikiwa ni maji. Epo ni maji kwa kiasi cha asilimia 85, nanasi na embe hazipishani sana na hapo, pichi huzidi. Sehemu ya chini inayataka maji hayo, yageuke rojo nzito yenye ladha ya tunda. Sehemu ya juu haiyataki hata kidogo. Karibu kila hatua ya upishi huu, kuanzia kuchagua tunda hadi kuhifadhi kiporo, ni namna ya kuyatenganisha maji hayo na chenga za juu.

Tunda la Kiingereza hasa kwa kazi hii ni epo la kupikia liitwalo Bramley. Mti wake wa kwanza uliota kwenye mji wa Southwell kutokana na mbegu iliyopandwa mwaka 1809 na msichana aliyeitwa Mary Ann Brailsford. Ni tunda kubwa, la kijani, kali kiasi cha kukunja uso likiliwa bichi, na likipata moto hulainika hadi likawa kama povu. Maepo ya kula mabichi hubaki vipande. Krambo nzuri huchanganya aina mbili, moja ya kuvunjika na moja ya kubaki. Afrika Mashariki Bramley haipatikani, lakini epo la kijani la Granny Smith, ambalo huletwa kutoka Afrika Kusini, lina ukali wa kutosha. (Vitabu huliita epo tufaha, ila kwa mtu wa Unguja tufaha ni tunda jingine kabisa, lile jekundu lenye nyama nyeupe ya majimaji, na halifai hapa.) Waingereza hupenda pia rubabu, mmea ambao huliwa shina lake tu, kwani majani yake yana sumu.

Mwenye kukaa karibu na milima ya Usambara hana haja ya kuagiza kitu mbali, maana Lushoto hutoa plamu, pichi na peasi, na yote matatu hukubali kuokwa. Embe hufaa likiwa limeiva nusu, bado gumu mkononi. Likiiva sana hugeuka uji. Papai ni tamu lakini limepooza, hivyo hudai maji ya ndimu au nyama ya karakara kulichangamsha. Nanasi lina ukali wake wenyewe, tatizo lake ni wingi wa maji. Tunda la namna hiyo hutangulizwa kwenye sufuria wazi pamoja na sukari yake, lichemke dakika 8 hadi 10 mpaka maji yapungue nusu, kisha ndipo liwekwe kwenye chombo cha kuokea.

Kwa watu 6 hutosha gramu 900 za matunda yaliyomenywa na kukatwa vipande vya sentimita 2 hivi. Vipande vyembamba mno huyeyuka kabla chenga hazijaiva. Matunda huchanganywa na gramu 60 hadi 80 za sukari kulingana na ukali wake, kijiko cha chakula cha maji ya limau, na kijiko cha chakula cha kornifulawa. Kornifulawa ni ule wanga mweupe laini wa mahindi unaotumika kuzitisha mchuzi. Sembe haiwezi kushika nafasi yake. Wanga huu haufanyi kazi mpaka joto likaribie la kuchemka, ndiyo maana krambo iliyotolewa mapema huwa na maji ya maziwamaziwa chini. Kiungo cha kawaida ni mdalasini. Waingereza huongeza karafuu 2 au 3 kwenye maepo, desturi ambayo kwa muda mrefu imelishwa na mashamba ya Unguja na Pemba. Iliki haimo katika mapishi yao, lakini kwa embe inashinda mdalasini.

Oti ni nafaka ya nchi za baridi na mvua. Uskochi waliila kama uji na mikate wakati majirani zao wa Uingereza waliiona chakula cha farasi. Samuel Johnson aliutia utani huo ndani ya kamusi yake ya mwaka 1755, na Waskochi hawajamsahau. Punje ya oti ina mafuta mengi kuliko ya ngano, na mafuta hayo huchacha upesi. Kwa hiyo kiwandani huivishwa kwa mvuke kwanza, kisha hupitishwa kati ya magurudumu na kubanwa kuwa bapa. Bapa nene ndizo za krambo. Zile nyembamba za kuiva kwa dakika moja huvunjika kuwa unga, na zile punje zilizokatwa bila kubanwa hubaki ngumu kama changarawe. Pakiti za oti hupatikana katika maduka mengi ya mijini, zikiuzwa kwa ajili ya uji. Zisichanganywe na shayiri, ambayo ni nafaka nyingine, ingawa mara nyingine oti nayo huitwa kwa jina hilo.

Mtu aliyewahi kupika uji wa oti anaujua utelezi wake. Unatokana na nyuzi ziitwazo beta-glukani, ambazo hunywa maji na kuvimba. Ndani ya krambo tabia hiyo ina faida na hasara. Bapa zinazogusa matunda hunyonya rojo inayopanda na kuizuia isifike juu. Zile za juu, zikiwa zimepakwa siagi, hukaangika na kuwa kavu. Lakini matunda yakizidi maji, tabaka lote la oti hulowa, na aliyetaka krambo hujikuta na uji juu ya matunda.

Chenga zenyewe hutaka gramu 150 za unga wa ngano, gramu 80 za oti, gramu 100 za sukari, gramu 110 za siagi na chumvi kidogo sana. Asiye na mizani achukue kikombe kimoja cha unga kilichojaa, kikombe kasoro kidogo cha oti, nusu kikombe cha sukari, na chini kidogo ya nusu ya pakiti ya siagi ya gramu 250. Sukari ya kahawia huleta ladha ya asali iliyoungua. Sukari guru iliyokunwa inaweza kuchukua nafasi yake, mradi ianikwe ikauke kwanza.

Neno siagi linahitaji uangalifu. Katika nyumba nyingi linatajwa kwa maana ya majarini ya kopo, ambayo hutengenezwa kwa mafuta ya mimea. Majarini ngumu ya kopo hufikichika vizuri, ila harufu yake haifikii ya siagi ya maziwa; zile laini za kupaka mkate zina maji mengi na huleta kinyunya badala ya chenga. Samli haina maji kabisa, wakati siagi ya maziwa ni mafuta kwa asilimia 80 hivi. Atumiaye samli apunguze kipimo hadi gramu 90, na atarajie chenga laini kama mchanga. Wengine huipenda hivyo, na hawana kosa.

Siagi hutakiwa baridi, imekatwa vipande vidogo. Huwekwa kwenye unga na chumvi, kisha hufikichwa kwa ncha za vidole, kwa mwendo ule ule wa kufikicha masuke ili punje zitoke. Kiganja kisitumike, kwa sababu ndiyo sehemu yenye joto. Lengo ni kuipaka kila chembe ya unga mafuta. Unga wa ngano ukikutana na maji huunda gluteni, ule mvutano unaosifiwa kwenye chapati. Chembe iliyofunikwa na mafuta haipati maji, hivyo haivutiki, na baada ya kuokwa hubomoka yenyewe. Unga ukianza kufanana na chenga za mchele, kazi imetimia. Hapo ndipo sukari na oti huingizwa kwa mkono mwepesi, kwani oti ikifikichwa tangu mwanzo husagika. Mwishoni baadhi ya chenga huminywa ziwe mabonge madogo ya ukubwa wa kunde, maana sehemu kubwa kwa ndogo zikikaa pamoja hupendeza kutafuna kuliko vumbi la ukubwa mmoja. Katika mji wenye joto bakuli lote hupumzishwa kwenye friji dakika 20 kabla ya kunyunyizwa.

Chombo cha kuokea kiwe cha sentimita 20 kwa 25 hivi, chenye kina, na matunda yasifike ukingoni. Chenga humwagwa juu bila kushindiliwa. Mkono unaotaka kusawazisha kwa kubonyeza ndio unaoharibu krambo nyingi kuliko oveni, kwa kuwa mvuke wa matunda hutafuta njia ya kutoka. Ukikuta kifuniko kimebanwa hukwama ndani yake na kukilowesha.

Oveni hupashwa moto kwanza hadi nyuzi 180 za Selsiasi, na krambo hukaa humo dakika 40 hadi 45. Rangi peke yake hudanganya, kwa sababu chenga zinaweza kuwa za kahawia wakati matunda bado magumu. Dalili ya kweli iko pembeni: rojo nzito ichemke na kutoa mapovu yanayopasuka polepole. Ikiwa juu kunawahi kuungua, karatasi ya foili ilazwe juu wazi, isibanwe kingo.

Asiye na oveni ana njia ambayo waokaji wa mkate wa kumimina wameizoea, yaani kupalia: makaa machache chini ya sufuria nzito, mengi juu ya kifuniko. Kwa krambo makaa ya chini yawe haba zaidi, kwani matunda yenye sukari huungua haraka, na inafaa matunda yawe yameshapikwa kwanza. Kifuniko nacho kipashwe moto mapema. Mvuke ukikutana na bati baridi hugeuka matone na kurudi juu ya chenga. Katika dakika 10 za mwisho kifuniko huinuliwa kidogo upande mmoja ili unyevu utoke.

Krambo hailiwi ikitoka motoni. Sukari iliyoyeyuka hubabua ulimi vibaya, na rojo huzizima na kushikana ikipumzika dakika 15. Waingereza huimiminia kastadi ya moto. Wengi hutumia ya unga, ambayo Alfred Bird wa Birmingham aliibuni mwaka 1837 kwa kuwa mke wake hakuweza kula mayai. Aiskrimu na maziwa mazito ya mgando hufaa pia, na tui zito lililotiwa chumvi kidogo huoana na embe au nanasi. Mgeni mwenye ugonjwa wa siliaki, asiyetakiwa kula gluteni, asipewe krambo ya unga wa ngano. Hata oti ya kawaida mara nyingi huwa imegusana na ngano shambani au kiwandani, hivyo huhitaji pakiti iliyoandikwa wazi kwamba haina gluteni.

Kiporo hukaa kwenye friji siku 3. Kirudishwe kwenye oveni au kipaliwe tena dakika 15. Maikrowevu hupasha matunda lakini hulainisha chenga. Njia bora zaidi ni kufikicha chenga mara mbili ya kipimo na kugandisha nusu yake ndani ya mfuko. Hukaa hadi miezi 3, na hunyunyizwa juu ya matunda zikiwa bado za barafu, bila kuyeyushwa.